Diski Inapojaa: Kufundisha Uamuzi wa Kuhifadhi na Kufuta Kumbukumbu

Kazi ya kwanza ya mwalimu wa shule ya msingi kila asubuhi ni kuita majina. Hufungua daftari la mahudhurio, huita, huitikiwa, naye hutia alama. Aliyekuja huandikwa, na asiyekuja huandikwa. Mwaka ukiisha, daftari lile huwa na maelfu ya alama ambazo hakuna atakayezisoma zote. Lakini siku mzazi akifika ofisini kuuliza kama mwanawe alihudhuria tarehe fulani, alama moja miongoni mwa maelfu yale huwa ndiyo shahidi pekee.

Seva ya barua pepe, yaani kompyuta ile inayopokea na kugawa barua za chuo au za ofisi, nayo ina daftari la namna hiyo. Kila barua ibishayo hodi huandikiwa mistari kadhaa: saa iliyofika, mtambo ulioileta, aliyeandikiwa, na kama imepokelewa, imeahirishwa au imekataliwa. Mafundi huyaita madaftari hayo logi. Sisi tutayaita faili za kumbukumbu. Faili hizo hukua mchana na usiku, na siku moja huweza kuijaza diski hata seva ikashindwa kufanya kazi iliyowekewa.

Hoja yetu katika makala haya ni moja. Mwalimu anapofundisha TEHAMA, jambo la kwanza la kumfundisha mwanafunzi kuhusu diski iliyojaa si namna ya kufuta, bali ni namna ya kuamua kipi kibaki, kwa muda gani, na kipi kiondoke. Tena uamuzi huo hauna budi kufanywa kabla ya siku ya dhiki, kwa kuwa mtu aliye katika dhiki hafuti kwa busara. Hufuta kilicho karibu na mkono wake.

Lililotupata

Miaka kadhaa iliyopita tulifanya kazi katika chuo kimoja kilichokuwa na seva yake ya barua pepe. Ilikuwa ni majira ya mazoezi ya kufundisha. Wanachuo walikuwa wametawanyika katika shule za msingi, wengine Kamachumu, wengine Nshamba, wengine mjini Bukoba, na kila mmoja alitakiwa kutuma taarifa yake ya mazoezi kwa barua pepe kabla ya saa 12 jioni ya Jumamosi.

Jumatatu asubuhi tuliona kwamba hakuna barua iliyoingia tangu Jumamosi. Kijana aliyekuwa akisaidia katika chumba cha kompyuta akaitazama seva akasema diski imejaa. Akakuta kwamba faili la kumbukumbu lilikuwa limevimba kupita kiasi. Kompyuta moja ya ofisini ilikuwa ikijaribu kutuma barua ile ile kwa anwani iliyokosewa, ikikataliwa, ikijaribu tena, na kila jaribio liliandikwa. Akalifuta faili lile. Ajabu ni kwamba diski ilibaki imejaa vile vile! Ndipo akaizima seva na kuiwasha upya, nafasi ikapatikana, na kufikia alasiri barua zikaanza kumiminika. Kwa tahadhari, akafuta pia barua za zamani baada ya ofisi kuzichapa zilizohitajika. Tulimshukuru kwa moyo wote.

Wiki tatu baadaye jambo lenyewe likajitokeza. Taarifa ya mwanachuo mmoja ilikuwa imechapwa ikiwa na tarehe ya Jumatatu, nayo ikahesabiwa kuwa imechelewa. Mwanachuo akasema aliituma Jumamosi saa 8 mchana, akaonyesha simu yake. Kamati haikuridhika na saa ya simu. Akauliza kama seva haina kumbukumbu ya Jumamosi. Tukamjibu kwamba ilikuwa nayo, lakini imefutwa. Kamati ikampunguzia alama kwa kosa la kuchelewa, na sisi tulikuwa miongoni mwa walioinua mikono.

Baadaye sana, fundi mmoja alitueleza namna seva inavyofanya diski inapokaribia kujaa, tukatambua kwamba maelezo ya mwanachuo yule yaliwezekana kabisa. Je, alisema kweli? Hatujui, na kwamba hatujui ndilo linalotuuma. Mstari mmoja tu wenye saa ya Jumamosi ungetosha kumtetea au kumtia hatiani. Tuliutupa ili kupata nafasi, ilhali nafasi ingeweza kupatikana bila kuutupa. Alama zile hazikurudishwa.

Namna seva inavyofanya nafasi ikipungua

Mwalimu hawezi kufundisha asichokielewa. Kwa hiyo yafaa tueleze kwa ufupi kinachotokea ndani ya mtambo.

Desturi ya programu kuandika kumbukumbu zake mahali pamoja, kwa utaratibu mmoja, ilianza katika miaka ya mwanzo ya 1980. Eric Allman, aliyekuwa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, aliitunga programu iitwayo syslog ili iambatane na Sendmail, programu yake ya kupeleka barua pepe. Yaani kumbukumbu hizi zilizaliwa katika nyumba ya barua. Hata leo, katika kompyuta nyingi zinazotumia Linux, kumbukumbu huwekwa katika folda ya /var/log, na barua zingojeazo kugawiwa huwekwa katika folda ya /var/spool. Mara nyingi folda hizo mbili hukaa katika sehemu moja ya diski, mithili ya karani na mizigo ya wateja kuwekwa chumba kimoja. Makaratasi ya karani yakijaa chumba, mizigo haiingii.

Seva haingoji diski ijae kabisa ndipo ikatae barua. Postfix, ambayo ni mojawapo ya programu za seva zitumikazo sana, isipobadilishwa huacha kupokea barua mara nafasi iliyobaki inapokuwa chini ya mara moja na nusu ya ukubwa wa barua kubwa kuliko zote inayoruhusiwa. Huuambia mtambo uliokuja, kwa nambari 452, kwamba nafasi haitoshi kwa sasa. Nambari inayoanza na 4 maana yake ni kukataliwa kwa muda: “Rudi baadaye.” Mtambo uliotuma huiweka barua katika foleni yake na kurudi kubisha tena na tena. Kanuni za kimataifa za barua pepe za mwaka 2008 zinashauri mtumaji asikate tamaa kabla ya siku 4 au 5, na Postfix yenyewe hungoja siku 5. Kwa hiyo seva iliyojaa Jumamosi ikafunguliwa Jumatatu haipotezi barua hizo, huzichelewesha. Lakini seva iliyojaa mwanzoni mwa likizo ya wiki mbili huwarudishia watu barua zao.

Hapo ndipo ilipo haki ya mwanachuo wetu. Barua iliyobisha hodi Jumamosi ikakataliwa kwa muda huingia Jumatatu. Ushahidi wa hodi ile ya kwanza, kwa upande wa mpokeaji, hukaa katika faili la kumbukumbu.

Na kwa nini nafasi haikurudi faili lilipofutwa? Kwa sababu programu iliyokuwa ikiliandika ilikuwa bado imelishika. Kufuta faili katika Linux ni kama kubandua jina la mtu mlangoni: mwenyewe bado amekaa chumbani, na chumba hakijawa wazi. Chumba huwa wazi pale tu programu inapoliachia faili, ama kwa kuamriwa ifungue daftari jipya, ama kwa kuzimwa. Kijana wetu angeweza kulinakili faili katika diski nyingine, kisha akalimwaga yaliyomo pasipo kuliondoa lenyewe. Nafasi ingerudi mara moja, na kumbukumbu ingebaki.

Kumbukumbu ambayo haipo haiulizwi

Sisi watu wa Kagera hatuhitaji kusafiri mbali ili kujua thamani ya orodha. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, ikitoka Bukoba kwenda Mwanza, ilizama katika Ziwa Viktoria. Meli ilijengwa kuchukua abiria 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili ilikuwa na majina 443. Abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Kwa sababu hiyo idadi ya waliopotea hutajwa kwa makisio, mamia hadi karibu elfu moja, na ziko familia ambazo jina la mtu wao halikuandikwa mahali popote kwamba alipanda. Hatulinganishi msiba ule na alama za mtihani. Twasema tu kwamba orodha huonekana kuwa karatasi isiyo na kazi mpaka siku inapohitajika, na siku hiyo haiwezi tena kuandikwa.

Aidha, kumbukumbu iliyowekwa mahali pamoja tu iko hatarini. Tetemeko la ardhi la tarehe 10 Septemba 2016 lilibomoa nyumba na majengo ya taasisi mkoani kwetu, yakiwemo ya shule za sekondari za Ihungo na Nyakato. Kabati la ofisi huanguka pamoja na ofisi. Nakala iliyo katika chumba kile kile, au katika diski ile ile, si nakala ya kutegemewa.

Lakini kuhifadhi kila kitu milele nako si hekima. Faili za kumbukumbu za barua hazina maneno ya barua yenyewe, ila zinaonyesha nani alimwandikia nani, na saa ngapi. Hizo ni habari za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa za watu zisiwekwe kwa muda unaozidi haja iliyosababisha zikusanywe. Kwa upande mwingine, Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 hairuhusu kumbukumbu za ofisi za umma ziharibiwe kwa utashi wa mtu mmoja. Sheria ya kwanza yasema, “Usikae nayo kupita haja.” Ya pili yasema, “Usiitupe pasipo idhini.” Anayezisoma pamoja ataona kwamba zote mbili zinadai kitu kimoja, nacho ni utaratibu uliokubaliwa mapema.

Fundisho la kibanja

Je, utaratibu huo aufundishe mwalimu kwa mfano gani? Sisi twapendekeza kibanja.

Mwanafunzi wa Bukoba au Muleba amekulia katika migomba. Anajua kwamba shina likiachwa lichipue litakavyo, machipukizi huwa mengi, hunyang'anyana chakula, na mikungu huwa midogo. Kwa hiyo mkulima hodari huacha mgomba mama wenye mkungu, mtoto wake, na mjukuu, mengine huyaondoa. Mkungu ukivunwa, mama hukatwa, mtoto hushika nafasi ya mama, mjukuu hushika nafasi ya mtoto, na chipukizi jipya huchaguliwa. Tena mgomba uliokatwa hautupwi ovyo. Hukatwakatwa ukawa matandazo yanayotunza unyevu wa udongo.

Hivyo ndivyo ifanyavyo programu iitwayo logrotate, ambayo hutumika katika kompyuta nyingi za Linux ili kuzungusha faili za kumbukumbu. Mathalani, ikiamriwa kuzungusha kila wiki na kubakiza faili 4, basi kila wiki daftari linaloandikwa hufungwa na kupewa nambari 1, lililokuwa la 1 huwa la 2, la 2 huwa la 3, na la 3 huwa la 4. Lililokuwa la 4 huondolewa, na daftari jipya hufunguliwa. Yaliyofungwa huweza kubanwa kwa programu kama gzip, iliyotolewa mwaka 1992 na Jean-loup Gailly na Mark Adler. Kwa kuwa mistari ya kumbukumbu hurudia maneno yale yale, faili lililobanwa aghalabu hubaki sehemu ndogo tu ya ukubwa wake wa kwanza. Mkulima haanzi kupogoa siku njaa inapoingia. Hupogoa mwaka mzima, kidogo kidogo, kwa kanuni anayoijua. Seva yetu haikukosa nafasi, ilikosa mkulima.

Somo lenyewe darasani

Baadhi yenu mtapangiwa shule ambazo kompyuta ni moja au haipo kabisa. Jambo hilo lisiwazuie. Tumelifundisha somo hili kwa kasha la chaki, na wanafunzi walilielewa kuliko wale tuliowaandikia maelezo ubaoni. Andalio la somo laweza kugawanywa katika vipindi vitatu.

Kipindi cha kwanza: kasha la chaki. Kasha ndilo diski. Kubalianeni kwamba lina nafasi 30. Barua moja, ambayo ni karatasi iliyokunjwa, huchukua nafasi 2. Kipande cha kumbukumbu huchukua nafasi 1. Mwanafunzi mmoja ni seva, mwingine ni mwandishi, wengine ni watumaji na wapokeaji. Kila barua ikifika, mwandishi huandika kipande chenye saa na jina la mtumaji, nacho hutiwa katika kasha lile lile. Mpokeaji huja kuchukua barua yake mara moja, lakini kipande hubaki. Sheria ya seva ni kwamba isipokee barua kama nafasi zilizobaki ni pungufu ya 3.

Waache wacheze bila kuwaeleza mwisho wake. Barua 28 zitapokelewa. Ya 29 itakataliwa kwa kuwa nafasi zilizobaki ni 2, na kukataliwa kwake kutaandikwa. Ya 30 nayo itakataliwa na kuandikwa. Ya 31 itakataliwa pasipo hata kuandikwa, kwa maana kasha limejaa. Hapo waulize: ndani ya kasha mna barua ngapi? Watafungua na kukuta hakuna hata moja! Kasha limejaa kumbukumbu tupu. Usiwaambie la kufanya. Wengi watamwaga kasha lote sakafuni kwa furaha. Kisha waulize kwa upole: “Aliyeleta barua ya 29 analalamika kwamba alifika kwa wakati. Nani atamwamini?” Kimya kitakachofuata ndicho kitakachowafundisha.

Kipindi cha pili: kanuni. Sasa rudieni mchezo, lakini kabla ya kuanza wanafunzi waandike kanuni yao wenyewe. Vipande vingapi vibaki katika kasha? Vilivyozidi vihamishiwe wapi? Nani ana ruhusa ya kuviondoa? Baada ya siku ngapi vitachanwa? Nafasi zikibaki ngapi mwandishi apige kengele? Wapatanishe na kibanja cha nyumbani kwao. Wengine watapendekeza kasha la pili kwa ajili ya vipande pekee. Huo ni ugunduzi wa kweli, kwani mafundi waangalifu huziwekea kumbukumbu sehemu yake ya diski, ili hata zikijaa zisizuie barua.

Kipindi cha tatu: mtambo. Kipindi hiki ni kwa shule yenye kompyuta, au kwa ninyi wenyewe mkiwa chuoni. Fuateni hatua hizi kwa mpangilio wake, na msiruke hata moja:

1. Tazama kwanza ni sehemu gani ya diski iliyojaa. Amri ya df huonyesha hilo.

2. Tafuta ni folda gani na faili gani lililoijaza. Amri ya du hupima folda moja moja. Usidhani, pima.

3. Uliza kwa nini limekua. Soma mistari ya mwisho ya faili. Ukiona mstari mmoja unajirudia, kuna mtambo unaokosea mahali fulani. Ukifuta faili bila kuzuia kosa hilo, kesho utakuwa pale pale.

4. Nakili na kubana faili hilo kwenye diski nyingine, si ile iliyojaa, kwa kuwa hata kubana kunahitaji nafasi. Hakikisha nakala inafunguka.

5. Ndipo ulimwage faili la asili, pasipo kuliondoa, au uiamuru programu ifungue daftari jipya. Tazama tena kwa df kama nafasi imerudi.

6. Andika ulichofanya: tarehe, saa, jina lako na sababu.

7. Weka kanuni ya kuzungusha kumbukumbu, na onyo litakalokujia diski inapofikia, tuseme, asilimia 80.

Mtaona kwamba katika hatua 7 kumwaga faili kunaagizwa mara moja tu, katika hatua ya 5. Kijana wetu aliiruka hatua ya 4, akakimbilia kufuta.

Jambo moja la tahadhari: msiwaonyeshe wanafunzi faili halisi la kumbukumbu za barua za watu. Tungeni mistari yenu yenye majina ya kubuni. Tukiwafundisha watoto utunzaji wa kumbukumbu huku tukianika habari za jirani zao, tutakuwa tumebomoa kwa mkono wa kushoto tulichojenga kwa wa kulia.

Hoja za wanaotupinga

Wako wakufunzi wenzetu wasemao kwamba haya ni mambo ya fundi, na kwamba mwalimu wa msingi atosheke na kuwafundisha watoto sehemu za kompyuta. Twawaheshimu, lakini hatukubaliani nao. Mtoto aliyekariri kwamba diski ni chombo cha kuhifadhia, asijue nini cha kuhifadhi, amejua jina la ghala tu. Tena fundi wa mjini hayupo Jumamosi mchana. Aliyepo ni mwalimu. Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, vishikwambi vilivyotumika katika sensa viligawiwa walimu. Kila mwenye kishikwambi atakuja kuonana na onyo la nafasi kujaa, na kidole chake kitakuwa juu ya neno “futa” pasipo fundi kuwa karibu.

Wako pia wasemao kwamba dawa ni kununua diski kubwa zaidi. Diski kubwa ni jambo jema. Lakini kosa linalojirudia huandika mistari usiku kucha, na hakuna diski isiyojaa. Kubwa huchelewesha tu siku yenyewe. Ni sawa na kuongeza ekari ya kibanja kwa sababu hutaki kupogoa.

Hoja ya tatu ina uzito zaidi: kwamba muda wa vipindi ni mfupi na mada ni nyingi. Ni kweli. Ndiyo maana tumependekeza kasha la chaki, ambalo halihitaji umeme wala fedha, na ambalo kipindi chake cha kwanza chaweza kuingizwa hata katika somo la Hisabati, kwa kuwa ni kujumlisha na kutoa. Kama muda wa vipindi vitatu haupo, fundisheni hicho kimoja.

Mwito wetu

Ndugu wanachuo, karibu nyote mtakabidhiwa kumbukumbu kabla ya kukabidhiwa kompyuta. Mtapewa daftari la mahudhurio, rejista ya uandikishaji, kitabu cha matukio ya shule, na funguo za kabati lililojaa makaratasi ya waliowatangulia. Siku moja mkuu wa shule atawaambia, “Safisheni kabati hili, hatuna pa kuweka vitabu vipya.” Siku hiyo mtakuwa mmesimama mahali pale pale aliposimama kijana wetu wa chumba cha kompyuta.

Msikimbilie kiberiti. Ulizeni kabati limejazwa na nini. Ulizeni nani ana idhini ya kuondoa. Tengeni kilicho na haki ya mtu ndani yake, na wekeni nakala katika jengo jingine. Kisha andikeni kanuni, ibandikeni ndani ya mlango wa kabati, ili atakayekuja baada yenu asianze upya.

Sisi, kwa upande wetu, tumeandika kanuni kama hiyo mahali tunapofanya kazi sasa. Kumbukumbu za barua huzungushwa kila wiki, nakala zilizobanwa hukaa nje ya seva, na hakuna anayefuta peke yake. Mwanachuo yule amekwisha kuhitimu na yuko kazini. Bila shaka naye huita majina kila asubuhi na kutia alama. Twaamini kwamba halichukulii daftari lile kuwa karatasi tu.